Evode Msemaji na Kinundu Chake

Evode Niyomugabo, mwana wa Ngoga aliyemaliza ugomvi wa mashamba kule Kanama kwa maneno matupu, fimbo yake ikiwa imeegemea ukuta. Mjukuu wa Shyaka aliyemrudisha mkwe tajiri na ng'ombe wake kwa sababu alimtukana mchungaji mlangoni. Na yeye mwenyewe Evode, msemaji wa ukoo wetu tangu turudi kutoka Kongo, aliyewaombea wake vijana wetu na kuwaoza binti zetu bila hata mmoja kurudi mikono mitupu. Huyo ndiye ninayemwandika. Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja, na nilimbeba mgongoni kabla sijajua kufunga mbeleko ikakaza.

Hapa Rubona, mgeni akiuliza nyumba ya Evode, walikuwa wanamjibu, "Yule mzee wa kinundu?" Maana ndicho kilichotangulia kufika kokote alikokwenda. Kilikaa pembeni mwa pua, upande wa kulia, juu kidogo ya mdomo. Kinundu cha nyama, laini, rangi ya buni iliyokaangwa, chenye kishingo chembamba kama uyoga. Alizaliwa nacho kikiwa kama punje ya ulezi, nakumbuka mama alidhani ni uchafu akakifuta kwa mate. Kikakua naye. Alipoanza shule kilikuwa kama punje ya mahindi. Alipooa, kilikuwa haragwe.

Msidhani hatukukihangaikia. Bibi yetu alikifunga kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, akaukaza kila asubuhi mpaka kikakauka kikaanguka, tukashangilia. Masika yalipopita kikarudi, tena kimenenepa. Mama akakipaka utomvu wa mti wa ua, ule mweupe kama maziwa. Mdomo wa mtoto ukababuka, kinundu hakikutikisika. Tuliporudi Rwanda tukajenga hapa Rubona, majirani wakasema akaoge yale maji ya moto yanayochemka kando ya ziwa. Akaenda, akakaa humo pamoja na wazee wenye magoti mabovu. Alitoka na magoti mazuri kabisa, na kinundu kilekile.

Kwa hiyo akakizoea. Zaidi ya kukizoea, alikifanyisha kazi, na hapo ndipo panapohusu habari yangu.

Kwetu sisi, siku ya kuomba binti, pande mbili hukaa zikitazamana, wenyeji huku, wageni kule, na kila upande una msemaji wake. Wageni wanaomba. Wenyeji wanajifanya hawajui wamefuata nini. Mara binti amesafiri, mara ameshatolewa kwa mwingine, mara nyumba hii haijawahi kuwa na binti. Wanachokozana, wanatupiana maneno, watu wanacheka. Ni mchezo, lakini nimeona kwa macho yangu mchezo huo ukivunja harusi, kwa sababu msemaji mmoja alikasirika mwenzake akiwa anatania.

Mara ya kwanza kabisa Evode kusimama, alikuwa kijana wa kutetemeka. Msemaji wa upande wa pili akamtazama usoni akasema, "Eh, wenyeji wetu, huyu mutu wenu amekuja na chakula chake usoni?" Watu wakaangua kicheko, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Evode akainua kidole polepole, akakigusa kile kinundu, akasema, "Huyu ni katibu yangu. Yote unasema, yeye anaandika." Yule bwana alitafuta jibu, hata leo bado analitafuta.

Tangu siku hiyo hakufungua mdomo mbele ya wakwe kabla kidole hakijagusa kinundu. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi. Anagusa, anatulia, watu wanatabasamu hata kabla hajasema, na maneno yanatoka yamepangana. Wasemaji wote wa huku walitunga matusi yao juu ya kinundu hicho, na aliyewashinda wote kwa kutunga alikuwa Jado, mwuza makala, yaani mkaa, kutoka Goma ng'ambo ya mpaka, mwanamume mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume. Wamekutana harusi nyingi, Jado akiwa upande wa kule na Evode upande wetu, wanachanana mpaka unadhani watashikana mashati. Sherehe ikiisha wanakula sahani moja.

Sasa, mwaka jana wakati wa kiangazi, Evode alialikwa Cyanzarwe kumsemea mtoto wa jirani. Asubuhi alinyoa ndevu kwa haraka na wembe ukakikwaruza kinundu. Alipofika katikati ya maneno akakigusa kama kawaida yake, na tone la damu likaanguka juu ya ile shuka nyeupe wanayojitanda wanaume siku hizo. Damu, siku ya kuomba binti! Shangazi wa bibi harusi wakafunika midomo. Harusi ilifungwa, lakini maneno yalifika Rubona kabla ya Evode. Na kuanzia hapo kinundu hakikutulia. Akinawa kinatoka damu, akijifuta kwa taulo kinatoka damu. Kikawa kinawasha na kuongezeka.

Na mbele yetu kulikuwa na siku kubwa. Mjukuu wangu Ingabire, binti wa mwanangu Aimable, alikuwa amepata mchumba Goma, na wazazi wa kijana walishatuma neno kwamba watavuka kuja kumwomba.

Aimable ni kifungua mimba wangu. Ana kazi ofisini, ana tumbo lake la ofisini, ana mvi, na ana hasira za karibu. Alikuja siku moja baada ya misa, Evode akiwa amekaa kwangu anamenya viazi, kwa sababu mdogo wangu kila anapokaa lazima mikono ifanye kitu.

"Mjomba," akasema, "usikasirike."

"Mi nimeshakasirika. Endelea."

"Siku hizi kuna wasemaji wa kukodi. Wanakuja na suti zao, na mikro zao za kukuza sauti, wanaongea vizuri. Mi nilikuwa nafikiri, donc, kwa Ingabire..."

"Mutu wa kukodi." Evode akaweka kiazi chini. "Atasema Ingabire ni mutoto wa nani? Atasoma kwenye telefone?"

"Afadhali asome kwenye telefone kuliko atoke damu mbele ya wakwe!"

Nilitaka kumpiga kofi, pamoja na mvi zake. Evode alikitazama kile kiazi kama mtu aliyesahau kinaliwaje. Mwishowe akasema, "Na kikitoka?"

"Nini?"

"Kinundu. Kikitoka, nipone vizuri kabisa. Nani atasemea mutoto?"

Aimable akawa mpole. "Kikitoka na ukapona, ni we, mjomba. Nani mwingine? Lakini kama siku inafika na bado iko damu, ninamuita yule wa kukodi. Siwezi kumuchezea Ingabire."

Wakakubaliana hivyo. Aimable alipoondoka mdogo wangu akaniambia neno ambalo hakumwambia mtu mwingine: "Dada, damu siiogopi. Naogopa kitatoka na maneno yangu."

Mjini Gisenyi, katika zahanati moja, anakuja daktari wa ngozi kutoka Kigali na mashine yake ya mwanga, ile wanayoita leza. Jina lake Uwera. Alikulia Tanzania, anaongea Kiswahili cha kunyooka, na ana heshima. Tulipoingia akasema "Shikamoo mama, shikamoo mzee wangu," nikampenda hapohapo. Nilitegemea Evode amjibu kwa utani. Akakaa kimya kama mtoto aliyeletwa kupigwa sindano. Mtu ambaye amewanyamazisha wakubwa wa Goma, mimi ndiye niliyekuwa namjibia.

"Kimekaa muda gani?"

"Alizaliwa nacho," nikasema.

"Kinauma?"

"Hakiumi, kinamwaibisha."

Daktari akakitazama kwa kioo kidogo chenye taa, akageuza uso wa mzee huku na huku, akabonyeza taratibu. Akasema anavyoona si kitu kibaya, ni nyama tu iliyozidi, watu wengi wanayo. Lakini kwa kuwa kimeanza kutoka damu na kuongezeka, hatakichoma siku hiyo. Kwanza atakata kipande kidogo kiende maabara. "Moto wa leza haubakizi kitu cha kupima, mama. Tukishakichoma hatutaweza kukiuliza tena kilikuwa nani."

Hilo lilinikaa moyoni. Nimejua watu waliochomwa vinundu, waliokatwa, waliofungwa uzi, wala hakuna aliyewahi kukiuliza kitu jina lake kabla ya kukiua.

Tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikomtesa Evode. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kioo cha kunyolea kimetundikwa kwenye mgomba, amekifunika kinundu kwa dole gumba ili aone uso wake bila hicho, anajaribu kusema. "Wakwe zetu, karibuni..." Anaishia hapo. Anaondoa kidole, maneno yanatoka kama mto. Anafunika, mto unakauka. Nilirudi nyumbani bila kukohoa asije akajua nimemwona.

Jibu la maabara likaja jema. "Hakina ubaya wowote, mzee wangu," daktari akasema, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti, wauguzi wakacheka.

Siku ya kuchoma nilikaa naye ndani. Alilala chali, akafunikwa macho kwa vitu vya chuma kama vijiko viwili visivyo na mipini, na mimi pia nikavishwa miwani ya rangi. Kilichomuuma ni sindano ya ganzi peke yake. Alinibana mkono mpaka pete yangu ikaacha alama. Halafu daktari akashika kitu kama kalamu yenye waya, nikaona nukta nyekundu imetua juu ya kinundu, nikasikia sauti ndogo ya kukaanga, na muuguzi akiwa ameshika mpira unaonyonya moshi. Harufu yake ni harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa. Daktari alikuwa anapitisha ile nukta, anafuta kwa pamba, anapitisha tena, safu kwa safu, kama mtu anayekwangua ukoko chini ya sufuria bila kukwaruza sufuria yenyewe. Kabla sijamaliza rozari pakawa tambarare.

Wakampa kioo. Akajitazama, akakigeuza kioo kikaangalia chini.

"Pua yangu imekuwa kubwa," akasema.

"Pua ni ileile, mzee wangu," daktari akamjibu. "Ni jirani aliyehama."

Alipewa marhamu ya kupaka, akaambiwa asikae juani, asijikune, na gamba likitokea asilibandue, litaanguka lenyewe. Kitindamimba wake Akaliza, binti ambaye bado yuko nyumbani, ndiye aliyekuwa mlinzi. Kidole cha baba yake kilikuwa kinapanda chenyewe kwenda pale pa zamani, naye anakipiga: "Baba! Mukono!" Mzee anashusha. Wakila, "Baba! Mukono!" Kanisani wakati wa mahubiri, nimesikia kwa masikio yangu, "Baba, mukono." Akitoka nje alivaa kofia pana na barakoa, na waliouliza waliambiwa ana mafua.

Na hapa niseme kosa letu sote, ukoo mzima. Hatukutuma habari Goma. Kwetu, kabla binti hajaombwa hatutangazi mgonjwa, maana watu watasema wanaoa kwenye nyumba yenye damu mbaya. Tukanyamaza. Neno tulilopeleka kwa wakwe ni lile la kawaida: mtapokewa na Evode mwana wa Ngoga. Na wao huko wakaambiana kama watu wote wanavyoambiana, "Evode yule wa kinundu."

Gamba likaanguka. Chini yake ngozi ilikuwa nyororo, imepauka kidogo kama pale ukutani palipoondolewa picha. Aimable akaja, akatazama karibu sana, akabonyeza, hakuna damu. "Bon," akasema. "Ni we, mjomba."

Siku ikafika. Hema mbili, maziwa, pombe ya ndizi, wanawake wa nyumba tumejitanda vizuri. Wageni walivuka mpaka asubuhi wakaingia kwa mwendo wa polepole, Jado mbele yao na fimbo ya msemaji, na nyuma yake babu wa kijana, Mzee Hakizimana, mrefu, mkavu, mtu wa zamani ambaye hacheki ovyo. Kwa tulivyojua, alikuwa hajawahi kumwona Evode, amemsikia tu.

Jado alipomwona Evode alifungua mdomo akaufunga. Nilimwona. Macho yalikwenda pale pembeni mwa pua, yakarudi, yakaenda tena. Mtu huyo alikuwa amekuja na gunia la matusi ya kinundu, sasa anatafuta pa kulitua.

Evode akasimama kuwapokea. Kidole kikapanda. Akaliza alikuwa mbali, hakuna wa kukipiga. Kikafika pale, kikagusa tambarare, kikabaki hapohapo. Na mdogo wangu akanyamaza.

Watu wakaanza kutazamana.

Jado, na ninaamini alitaka kumsaidia, akaruka na utani. "Bon, wenyeji wetu, mutusamehe. Sisi tulitumwa kwa Evode, ule iko na kinundu. Huyu muzee mwenye kushika pua, iko nani?"

Kicheko. Kidole cha Evode hakikushuka.

"Mi nimebeba maneno ya kinundu toka Goma! Kwenye barriere ya mpaka waliniuliza nabeba nini, nikasema maneno ya kinundu. Sasa nitayarudisha?"

Kicheko tena, lakini nyuma ya Jado fimbo nyingine ikagonga chini. Mzee Hakizimana alikuwa hacheki.

"Jado, we unacheka nini? Tuliambiwa tutapokewa na mwenye ukoo. Evode iko na kinundu, Goma yote inajua. Hawa wametuwekea mutu wa kukodi."

"Muzee, ni mchezo..."

"Kuomba mutoto si mchezo. Mi siombi mutoto kwa mutu sijui baba yake." Akasimama. Na mzee wa ukoo akisimama, hakuna wa upande wake anayebaki ameketi. Nikasikia viti vikikwaruza, kimoja, viwili, vyote. Ndani ya nyumba Ingabire naye alivisikia, shangazi zake wakamshika asitoke, na kilio chake kidogo kikatufikia hapo nje. Aimable, aliyetaka kumkodi msemaji, alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akainuka aeleze habari za daktari, kwa ile sauti yake ya hasira ya ofisini. Evode akamwekea mkono begani akamkalisha.

Mkono uleule aliokuwa ameshikia pua.

"Muzee Hakizimana," akasema. "Niulize kidogo. Mumekuja kuomba mutoto, ao mumekuja kuomba kinundu?"

Mzee akageuka. "Nini?"

"Kama ni kinundu, pole sana, mumechelewa. Yule tulishamuoza."

Mwanamke mmoja upande wao akacheka, akajiziba mdomo.

"Alikuja daktari toka Kigali. Hakuleta wazee, hakuleta pombe, hata msemaji hakuleta. Alileta moto. Nikamuambia, huyu nimelala naye, nimeamka naye, hakuna harusi nilienda nikamuacha nyumbani. Akasema, ndio huyohuyo nataka. Muzee, alienda bila kuaga! Na mi ndio baba wa kwanza katika ukoo wa Ngoga kutoa binti, halafu mahari nikalipa mi mwenyewe!"

Hema zikapasuka. Wageni walicheka wakiwa wamesimama, wengine wakishikana mabega. Jado alikaa chini kwa kukosa nguvu. Mzee Hakizimana peke yake alibaki amesimama, lakini nikaona shavu moja limeanza kumsaliti.

"Mulimuoza bila kutuita?"

"Tungewaita, mungekula."

Shavu la pili likafuata. Hata hivyo hakukaa. Alikuwa mtu wa zamani, anataka jambo lake. "Maneno unayo," akasema. "Hata wa kukodi wanayo. Baba yako ni nani?"

Hapo Evode akaacha utani. Akaongea kwa sauti ya chini, ikabidi kila mtu anyamaze ili amsikie. "Mi ni mwana wa Ngoga. We ni Hakizimana. Mama yako alizikwa Masisi, nyuma ya shule ya misheni, siku ya mvua, na kaburi lilijaa maji, mukangoja mpaka yakauke. Baba yako alishindwa kusema. Aliyesema maneno juu ya kaburi ni baba yangu. Mi nilikuwa mutoto, nilikuwa nimemushikia kofia."

Mzee akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Ngoga yule murefu?"

"Murefu. Ule wa kukohoa kabla ya kila neno."

"Alikohoa sana siku ile," Mzee Hakizimana akasema, na akaketi. Na upande wake wote ukaketi naye.

Jado akanyanyuka na fimbo yake, mnyonge. "Sasa mi nitasema nini? Maneno yangu yote yameolewa Kigali."

"Leo omba tu," Evode akamwambia. "Mara moja katika maisha yako, omba kama Mukristo."

Akaomba. Aliomba vizuri, bila tusi hata moja, ikampa shida kubwa. Nasi tukatoa. Ingabire alipotoka nje akiwa amepambwa, alipita kwanza kwa mjomba wa baba yake kabla ya kwenda kwa wakwe, akambusu pale pembeni mwa pua palipopauka. Hiyo si desturi, na hakuna aliyemkemea.

Jua lilipokuwa linaelekea upande wa Kongo, Evode na Jado walikaa pembeni na sahani yao moja ya ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Jado alikuwa anampapasa pale usoni kwa dole gumba kama mtu anayenunua parachichi.

"Inaumaka?"

"Sindano tu."

"Mi niko na kimoja mugongoni, iko nakuwa kubwa."

"Nenda kwa Uwera. Usikikate na wembe, mupumbavu we. Kwanza apime, kisha achome."

Aimable akaja akasimama mbele yao, mikono nyuma, kama alipokuwa mtoto amevunja kitu. "Mjomba, yale nilisema kuhusu telefone..."

"Kaa, kula."

Akakaa, hakula. Evode akamega tonge, akatafuna, akameza.

"Kuna kijana wa Kanama," akasema. "Anakuja kumuomba Akaliza. Akaliza ni wangu wa kuzaa. Siku hiyo baba anafanya nini?"

"Baba ananyamaza."

"Ndio. Kwa hiyo utasema we."

"Mi?" Aimable akanitazama mimi nimwokoe. Sikumwokoa. "Mjomba, mi najua maneno ya ofisi tu."

"Maneno utapata. Maneno yalikuwa si kwenye pua, leo nimeona. Ubaya wako ni mwingine, unakasirika upesi, na hiyo Uwera hana mashine yake. Leo ningekuacha useme, wale wangekuwa wameshavuka barriere." Akamgeukia mwenzake. "Jado, huyu mutoto nakupa. Kesho atakuja kwako, umukalishe juu ya magunia ya makala, umutukane."

Jado akafuta mikono, akamwangalia Aimable kutoka kichwani mpaka miguuni, na uso wake ukaanza kung'aa. "Nianzie wapi?"

"Anzia na tumbo."

"Na mi nifanye nini wakati ananitukana?" Aimable akauliza.

"Usijibu. Sikiliza tu. Na usivuke kurudi Gisenyi mpaka umecheka, lakini kucheka kweli, si kwa heshima. Jado ataniambia."